Kukaanga sana hakuongezi kafeini

Dada, umeuliza kama buni (punje za kahawa) iliyokaangwa ikawa nyeusi tii ndiyo yenye kafeini nyingi. Hapana. Tofauti kubwa iko kwenye aina ya kahawa: robusta ya Masaka, Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Mlima Elgon. Kukaanga hubadilisha ladha. Sikiliza sufuria: joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, buni hulia pa! pa! Ukiipua mlio huo unapoisha, unapata kahawa nyepesi yenye uchachu wa matunda. Ukiendelea kidogo, utamu unakolea. Mlio wa pili ni mwembamba, kama vijiti vikavu vikivunjika; mafuta yanatokeza juu na uchungu unatawala. Arabika ya Elgon usiifikishe huko, tafadhali, utaiua ladha yake. Ukishaipua ipepete ipoe haraka, maana joto la ndani huendelea kuikaanga.