Sungura wa Manyoya Ananuka Baada ya Kufuliwa

SWALI: Binti yangu wa miaka miwili na nusu halali bila sungura wake wa manyoya, ambaye humnyonya masikio hadi usingizi umchukue. Mwezi uliopita nilimfua sungura huyo kwa mikono na kumwanika mpaka jioni. Alionekana amekauka, lakini baada ya siku chache akaanza kutoa harufu ya uvundo. Nilikosea wapi?

JIBU: Tatizo linaonekana kuwa katika kuanika, wala si katika kufua. Manyoya ya nje hukauka upesi na kuudanganya mkono, ilhali pamba ya tumboni ingali imelowa, na katika unyevu huo ndimo ukungu unamoota. Kwa kuwa uvundo umekwisha kuingia, nakushauri ufumue mshono wa mgongoni, utoe pamba yote na kuitupa, kisha ufue ngozi tupu. Ngozi isiyo na kitu ndani hukauka kwa urahisi, nawe utamjaza sungura pamba mpya ya kujazia midoli na kumshona kwa mishono ya karibukaribu.

Kabla ya kumtia majini, soma lebo yake na umbonyeze tumbo. Ukigusa kisanduku kigumu cha sauti au betri, kitoe kwanza. Vilevile vuta macho na pua kwa nguvu kiasi, kwa sababu jicho lililolegea linaweza kumpalia mtoto wa umri huo.

Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo isiyo na manukato, ukimbonyeza na kumwachia badala ya kumsugua, kwani kusugua husokota manyoya yakawa mafundomafundo. Suuza mpaka maji yatoke bila povu hata kidogo. Hapa wengi hufanya haraka, wakisahau kwamba masikio hayo yatarudi kinywani usiku uleule. Dawa ya kupaushia iache kabatini, na kamwe usiichanganye na siki, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Kwa midoli mingine ambayo hutaifumua, usiikamue kwa kuisokota. Izungushie taulo kavu na kuigandamiza, kisha uilaze penye hewa, ukiigeuza na kuichambua pamba kwa vidole kila baada ya saa chache. Kuitundika kwa masikio huvuta mishono kwa uzito wa maji. Ukitaka kujua kama imekauka, bana tumbo kati ya viganja viwili kwa muda: ukihisi ubaridi ndani, bado.

Ikiwa mtoto ana mzio wa vumbi, maji ya nyuzijoto 60 huua utitiri, yaani vijidudu vidogo mno vinavyoishi katika vumbi, lakini si kila manyoya huyastahimili. Mdoli usioweza kufuliwa kwa maji hayo unaweza kuutia katika mfuko na kuuweka ndani ya friza kwa saa 24 au zaidi, kisha ukaufua kwa maji ya kawaida, kwa kuwa baridi huua utitiri bila kuondoa kinyesi chake, nacho ndicho kinachochochea mzio.

Anza kazi asubuhi, na umwambie binti yako mapema kwamba sungura anakwenda kuoga. Usipomwambia, jioni utadaiwa sungura angali besenini.