Mumeo Hajakukimbia, Wewe Ndiye Uliyehama Chumba

Shangazi, nina miaka 36 na watoto watatu. Tangu nijifungue kitinda mimba wangu miaka miwili iliyopita, mkojo hunitoka nikikohoa, nikicheka au nikiinua gunia la viazi sokoni Wakulima. Siku hizi sinywi maji hadi jioni. Tendo la ndoa nalo huniuma, kwa hivyo nilihamia chumba cha watoto. Mume wangu amebadilika, huchelewa kurudi na hanisemeshi, nami naamini ana mwanamke mwingine. Mamake alipokuja kutoka Vihiga alinidhalilisha jikoni kwa kuniuliza kama nina shida ya mkojo, akadai kwamba yeye pia yalimpata na kwamba twende pamoja hospitalini. Nataka kurudi kwetu. Nifanye nini? – Mama Watatu, Nakuru

Mama Watatu, pole. Mwanamke anayeogopa kucheka mbele ya watu ana mzigo mzito, na wewe umeubeba miaka miwili. Hata hivyo, nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimejiuliza kosa la mumeo liko wapi.

Unasema amebadilika, lakini aliyehama chumba ni wewe, na sikuona mahali popote ulipomweleza sababu. Mwanamume ambaye mkewe amehamia kwa watoto bila neno huamini kwamba amechukiwa au kwamba kuna mwenzake aliyempokonya nafasi, na huenda usiku ule ule unaomshuku, yeye pia analala akikushuku. Huyo mwanamke mwingine hukumtajia jina wala dalili. Sisemi kwamba mumeo ni malaika. Nasema kwamba barua yako haijamtia hatiani.

Kuhusu mama mkwe, nasimama upande wake bila kusita. Mtu anayetaka kukudhalilisha hungoja wageni wajae sebuleni, ilhali yeye alikungoja jikoni mkiwa wawili, akakufunulia siri ya mwili wake mwenyewe na akajitolea kukusindikiza. Katika watu wote uliowataja, huyo ndiye pekee aliyeuona ugonjwa wako na kuuita ugonjwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe ulikubali mkunga akuone mara tatu ukapata watoto. Sasa unamficha nini mtu aliyekwisha kupita njia hiyo?

Nikueleze ugonjwa wenyewe. Chini ya fupanyonga kuna misuli iliyotandazwa mithili ya machela, nayo hushikilia kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa nyuma. Mimba na uzazi huinyoosha na wakati mwingine huichana, kisha kikohozi kisichoisha, uzito wa mwili, kufunga choo na mizigo ya kila siku huzidi kuilemea, hata kibofu kikibanwa ghafla mkojo unaponyoka. Misuli hii hufundishika kama misuli ya mkono. Arnold Kegel, daktari wa Marekani, aliandika kuhusu mazoezi yake mwaka 1948, na hadi leo ndiyo tiba inayoshauriwa kwanza kabla ya kufikiria upasuaji.

Kwa kawaida mwanamke hukaza kana kwamba anazuia upepo wa tumboni na mkojo kwa pamoja, bila kubana makalio wala kushikilia pumzi, akahesabu hadi sita, kisha akalegeza kabisa kwa muda uo huo. Hurudia mara nane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau, na hujizoeza kukaza kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua mzigo. Asifanye zoezi hilo kwa kukatiza mkojo kila aendapo chooni.

Wewe lakini usianze peke yako, kwa sababu umetaja maumivu. Misuli inayouma wakati wa tendo la ndoa huenda imekakamaa, na kuikaza zaidi kunaweza kuongeza maumivu. Mwanamke wa namna hiyo hufundishwa kwanza kupumua kwa tumbo na kulegeza. Huwezi kujipambanulia hayo chumbani. Nenda katika hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru, mkojo wako upimwe ili ijulikane kama kuna maambukizi, uchunguzwe kovu la uzazi, kisha uombe kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia mwenye ujuzi wa maradhi ya wanawake. Maji nayo uyanywe, kwani mkojo mzito hukiwasha kibofu na choo kigumu huilemea misuli ile ile. Magunia waachie wabebaji kwa sasa. Na ukiuziwa shabu au mitishamba ya kuingiza ukeni ili ujibane, ikatae, maana huunguza na kuchubua bila kuigusa misuli.

Nieleze pia jambo moja kwa ajili ya wasomaji wengine. Mwanamke ambaye mkojo humvuja mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa uzazi uliokawia, huenda ana fistula, yaani tundu ambalo mazoezi hayawezi kuliziba. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji, na kwa walio magharibi mwa nchi, hospitali ya Gynocare mjini Eldoret inajulikana kwa kazi hiyo.

Ndoa za siku hizi zinanihuzunisha kwa hili: mke hueleza ugonjwa wake katika kundi la simu lenye watu mia mbili, ilhali anayelala naye kitanda kimoja hupata habari mwisho, au hapati kabisa. Wewe mwenyewe umeniandikia mimi kabla ya kumwambia mumeo.

Basi leo watoto wakishalala, rudi chumbani kwako umwambie kwamba mkojo hukutoka, kwamba tendo huuma na kwamba ulihama kwa aibu, si kwa chuki. Mwombe msubiri kukutana kimwili hadi maumivu yatibiwe. Asipokusikiliza baada ya kuambiwa ukweli, niandikie tena, nami siku hiyo nitamgeukia yeye. Kesho asubuhi mpigie mama mkwe umwombe radhi, kisha umuulize ni siku gani anaweza kuja Nakuru mwende hospitalini.