Kwa Nini Tunaiacha Kondomu Tukishazoeana

Nimekuwa mhudumu wa afya ya jamii upande wa Kisauni, hapa Mombasa, kwa miaka mingi, na katika kupita nyumba kwa nyumba sikumbuki kukutana na mtu mzima asiyejua kwamba kondomu huzuia virusi vya Ukimwi. Kijana wa bodaboda anajua, mama wa viazi karai anajua, na mzee anayeuza mnazi mangweni anajua vilevile. Kwa hiyo anayedhani kwamba watu wakielezwa zaidi watatumia zaidi, hajaketi nao wakazungumza kwa utulivu. Kinachoamua kama kondomu itavaliwa au itabaki mfukoni ni mambo mengine, na kubwa lao, kwa jinsi nilivyoona, ni kuzoeana.

Wapenzi wapya wengi huitumia mwanzoni bila mabishano. Baadaye wanaanza kujuana kwao, mmoja anapelekwa kusalimia shangazi, nguo zinaanza kuachwa kwa mwenzake, na siku moja kondomu haipo na hakuna anayeiulizia. Hakuna aliyepima wala aliyetajiwa majibu ya mwenzake, ila kuiacha kunahesabiwa kuwa dalili ya mapenzi, na kuanzia hapo kuirudisha huwa kazi ngumu kuliko kuianza. Binti mmoja aliniambia, “Mama, nikimwambia leo avae, ataniuliza natembea na nani.” Nilimjibu, “Mwanangu, usianze na kondomu, anza na kupima. Mwambie twende sote wawili, kila mmoja asomewe majibu mwenzake akiwepo.”

Huo ndio ushauri ninaoutilia mkazo kuliko wote. Kama mmeamua kuiacha kondomu, sababu iwe ni vipimo na makubaliano, isiwe muda mliokaa pamoja. Mpime pamoja, muendelee kuitumia, kisha mrudie kipimo baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi ya karibuni huweza kutoonekana katika kipimo cha kwanza. Mwenye haya ya kuonekana kituoni anaweza kuulizia katika duka la dawa kipimo cha kujipima mwenyewe, kinachotumia majimaji ya mdomoni, na kikionyesha virusi aende kituoni kuthibitishiwa. Mazungumzo yenyewe yafanyike mchana, hata mkiwa mnakula mihogo kule ufukweni Mama Ngina, kwa sababu usiku chumbani, hasa mtu akiwa amekunywa, anayesikilizwa ni yule mwenye sauti kubwa zaidi.

Nakiri kwamba ushauri huu haumfai kila mtu. Mwanamke anayelipiwa kodi ya nyumba na mwanamume, au anayeongezewa pesa ili akubali bila kinga, anajua vizuri hatari iliyopo. Anachokosa ni nguvu ya kukataa, na kumlaumu ni kumwonea. Kwa huyu ninaeleza vidonge vya PrEP, vilivyoanza kutolewa nchini Kenya kwa mpango wa kitaifa mwaka wa 2017, ambavyo mtu asiye na virusi humeza kila siku ili asiambukizwe. Hahitaji ruhusa ya mwanamume kuvimeza. Havizuii mimba, kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu inapowezekana bado itumike, lakini kinga iliyo mikononi mwake mwenyewe ni jambo kubwa sana.

Wanaume wa hapa kwetu wana hoja yao: “Mimi nimetahiriwa.” Ni kweli kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke, lakini kupunguza si kuondoa, na haimpi kinga mwanamke anayelala na mwanamume mwenye virusi. Wengine hawaogopi tena kwa sababu wamekua wakati dawa za ARV, za kudhibiti virusi, zipo. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka wa 1999, serikali ilipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, tunakumbuka mazishi ya wakati ule. Nashukuru kwamba vijana hawakuyaona, wala sipendi kuwatisha kwayo, ila ningependa waelewe kwamba dawa humezwa maisha yote.

Katika ndoa suala hili huwa zito zaidi, kwani wapo wanaoona kwamba kutaja kondomu ndani ya nikahi ni kutaja zinaa. Mimi naona kwamba mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana, kondomu ni njia ya kuhifadhi uhai wa mume au mke. Anayemeza ARV barabara, hadi vipimo vikaendelea kuonyesha kwamba virusi havionekani damuni, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini mpaka mtoa huduma wake athibitishe hivyo, kondomu isiwekwe kando.

Pia lipo hili la joto letu. Niliwahi kuonyeshwa pakiti iliyokaa chini ya kiti cha pikipiki mpaka maandishi yake yakafifia, na mwenyewe alikuwa tayari kuitumia. Jua na joto huuharibu mpira; iweke ndani ya nyumba penye kivuli, na utoke na moja ya siku hiyo tu. Soma tarehe, bonyeza pakiti usikie kama ina hewa, ichane kwa vidole wala si kwa meno. Mafuta ya nazi, ambayo hayakosi katika nyumba zetu, yasipakwe kabisa kwenye kondomu ya mpira, kwa maana huidhoofisha upesi ikapasuka. Tumia kilainishi cha maji.

Na ikipasuka, au ikiwa haikuvaliwa kabisa na humjui hali yake mwenzako, zipo dawa za dharura za kuzuia maambukizi ya virusi, PEP, zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha humezwa kwa siku 28. Ikitokea Jumamosi usiku usisubiri Jumatatu. Idara ya dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, iko wazi usiku na mchana. Fika, ueleze lililotokea bila kuficha, na uombe kuanzishiwa dawa hizo hapo hapo.