Maswali ya Wasomaji: Muda Wangu Mwenyewe Nitaupata Wapi?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu, na ninafanya kazi siku nzima. Juma lililopita mfanyakazi mwenzangu aliniuliza napenda kufanya nini ninapopata nafasi, nikakosa la kumjibu. Zamani nilikuwa nikichora na kufuma. Siku hizi watoto wakishalala naishika simu, na ninapokuja kushtuka usiku umeshakwenda. Natamani kuwa na jambo langu, lakini kila nikiwaza kulianza naona kama nawaibia wanangu. Nianzie wapi?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, nianze na hilo la kuwaibia watoto, kwa sababu lisipokutoka moyoni, hata shughuli nzuri namna gani utaifanya kwa kujificha. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika, wala halikuwatoa wazazi. Tena mtoto anayemwona mama yake akifumua safu iliyokosewa na kuianza upya kwa utulivu anajifunza jambo ambalo maneno matupu hayamfundishi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wazazi wengi huchagua hobi kwa kuangalia uzuri wake, ilhali mwenye mtoto wa miaka mitatu anapaswa kujiuliza kwanza kama shughuli hiyo inaweza kuachwa ghafla na kukutwa ilivyoachwa. Chukua kufuma ulikokutaja. Ukifuma kwa kroshia, kwa kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu; mtoto akilia, unakivuta kiwe kikubwa au unakitia pini, unaiweka kazi kikapuni na kuinuka, na ukirudi baada ya saa moja au siku tatu unaikuta safu palepale. Kwa sindano mbili ndefu mambo ni tofauti, kwani vitanzi vya safu nzima vinaning'inia sindanoni, na mkono mdogo ukiichomoa huanza kuachia kimoja baada ya kingine. Kwa sasa ningekushauri kroshia, na sindano mbili zisubiri mwanao akue. Kuchora nako kunawezekana kwa penseli na daftari dogo. Rangi za mafuta, zinazotaka meza yake na siku kadhaa za kukauka bila kuguswa, ziache kwanza.

Usingoje upate saa nzima. Simu inakushinda kwa sababu iko karibu na haihitaji matayarisho, kwa hiyo ipe shughuli yako nafasi hiyohiyo: kikapu kikae pale unapokaa usiku, uzi ukiwa umeshaanzwa na sindano ikiwa ndani ya kitanzi, na simu ilale chumba kingine. Dakika kumi na tano zinatosha safu moja au mbili. Nawe ujipe muda wa kuzoea. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikadiria kwamba mazoea mapya huchukua kati ya siku 18 na 254 kukomaa, na wakaona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Nimelitaja hilo la mwisho makusudi, maana mtoto atakuja kuumwa, wiki itapita bila wewe kugusa uzi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani wameshindwa.

SWALI: Kila Jumamosi asubuhi ninakwenda kukimbia na rafiki zangu na kurudi saa sita mchana. Ni burudani yangu pekee, lakini mke wangu amekuwa akinuna, na tuna watoto watatu. Je, niache?
Baba wa Watatu

JIBU: Usiache. Nadhani kinachomuumiza mke wako si kukimbia kwako. Ni kwamba wewe una asubuhi yako naye hana ya kwake. Kaeni muipange Jumapili, au siku nyingine atakayoichagua mwenyewe, iwe yake kwa saa zilezile unazozichukua wewe, na muiheshimu kama mnavyoiheshimu ya kwako. Siku hiyo watoto watoke nawe ikiwa yeye anataka kubaki nyumbani, kwa sababu mama aliye chumba cha pili huitwa kila dakika hata baba akiwepo. Wala usimpigie simu kumuuliza nguo za mtoto ziko wapi. Zitafute mpaka uzipate.