Mwenzako amekupa tamthilia yake uisome: maswali yenu

Nimepewa mswada wa kurasa 40 nitoe maoni. Nianzie wapi?

Usome mara ya kwanza bila kalamu, hadi mwisho. Kisha tafuta wenzako watatu wanne, mgawane wahusika, msome kwa sauti. Mmoja asome maelekezo ya jukwaani. Sentensi inayopendeza machoni inaweza kumkata mwigizaji pumzi. Shika saa pia: ukurasa hula kama dakika moja, ingawa maelekezo mengi huvuruga hesabu hiyo. Pembeni tia alama tatu tu: nimecheka, nimepotea, nimechoka. Angalia hiyo ya tatu. Mara nyingi uchovu huanza kurasa mbili kabla ya pale ulipoupigia alama, basi rudi nyuma kabla hujalaumu.

Nilimwambia majibizano yake ni mazito, akaniuliza mazito vipi. Nikakosa jibu.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwonyeshe mstari wenyewe. Tuseme Rehema anaambiwa na mdogo wake: "Kama unavyojua dada, baba alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia shamba hili." Dada anayajua yote hayo, anayeambiwa ni mtazamaji, na mtazamaji anashtuka. Usimwandikie mstari mpya. Muulize: katika onyesho hili, yaani kipande hiki cha tamthilia, nani hajui kuhusu shamba, na nani hataki lijulikane? Akishapata jibu, huenda mdogo mtu akaingia na hati mkononi, akauliza tu, "Dada, hii sahihi ni ya baba?" Kifo, shamba na ugomvi vimo humo.

Darasani kwetu maoni huishia kuwa ugomvi. Kuna utaratibu?

Upo wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliouanzisha mwaka 1990. Kwanza wasomaji husema kilichowagusa. Pili mwandishi huuliza maswali yake. Tatu wasomaji huuliza yasiyobeba hukumu: si "kwa nini mwisho umepwaya?" bali "ulitaka tutoke ukumbini na hisia gani?" Nne ndipo maoni, tena kwa idhini: "Nina maoni kuhusu mwisho, ungependa kuyasikia?" Akikataa, nyamaza. Wengi huruka hatua ya pili, na ndiyo inayomfanya mwandishi asikie ya nne.

Kwenye maelekezo ya jukwaani ameandika: "Juma anakumbuka utoto wake kwa uchungu." Ni kosa?

Ndiyo. Mwigizaji hawezi kuigiza kumbukumbu. Muulize Juma anafanya nini: anakunja shati la marehemu? Anazima redio?

Makosa ya tahajia niyasahihishe?

Si sasa. Onyesho lenyewe laweza kukatwa kesho. Yale yanayopotosha maana tu, yapigie mstari.

Nimeona mwisho mzuri zaidi kuliko wake. Nimwambie?

Mwambie mahali ulipoacha kuuamini mwisho wake. Huo wako uandikie tamthilia yako.