Msitu ukigeuka giza tupu kwenye skrini

Mtu anayepita msitu wa Mabira, Uganda, kila wiki akielekea Jinja anaujua. Mketishe kwenye tamasha la filamu umwoneshe ukungu wa kijivu, ndege wamefunikwa na mngurumo wa jenereta, atatoka akiilaumu filamu. Mara nyingi filamu haina kosa. Ukumbi ndio umeiua.

Filamu za mazingira huumia kuliko nyingine kwa sababu picha nyingi hupigwa chini ya miti, giza juu ya giza. Mwanga kidogo wa dirishani unazifuta. Kampala jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kuonesha saa kumi kwenye ukumbi wenye madirisha ni kujitafutia aibu. Anza saa moja na nusu, au ziba kwa kitambaa cheusi kizito. Pazia jepesi ni pambo tu.

Kwa skrini ya mita 4 kwa 2.25, projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga) inatosha gizani. Lenzi nyingi za kawaida hutaka umbali wa mara moja na nusu ya upana, yaani mita 6. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.5 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya walio mbele vitakula maandishi ya tafsiri. Na maandishi yawe makubwa: watu waliozoea VJ wa vibanda vya video, anayewatafsiria filamu kwa sauti, hawana subira ya kukodoa macho.

Yajaribu maandishi hayo mapema. Faili la Kiluganda likihifadhiwa vibaya, ŋ hugeuka alama ya kuuliza, na ŋŋaali, yule korongo wa kwenye bendera, anakuwa “??aali”. Hifadhi kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi unaozitambua herufi kama hizo, kisha ulifungue kwenye kompyuta ile ile ya siku ya maonesho.

Jenereta iwekwe mita 30 hivi, nyuma ya ukuta. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 huiweka kompyuta hai, na feni ya projekta huendelea kupoza taa hadi jenereta iwake. Spika ya ndani ya projekta isahau; weka mbili kando ya skrini, juu ya vichwa. Mvua ya Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, ikipiga mabati, hakuna spika itakayoshinda, hivyo weka maandishi hata kama lugha inaeleweka na wote.

Jaribio la picha lisiwe la dakika za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni anga na ziwa. Ruka hadi tukio la giza kuliko yote, kaa kiti cha mwisho pembeni. Usipoona majani, sogeza projekta hadi mita 4.5, picha iwe na upana wa mita 3: mwanga ule ule utang'aa karibu mara 1.8.