Yoga na wasiwasi: jibu kwa dada aliyeuliza kama inasaidia

Dada yangu, umeuliza kama yoga inasaidia mtu mwenye wasiwasi asiyepata usingizi, na kama Mwislamu anaweza kuifanya. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Nilianza kwa sababu usiku moyo ulikuwa ukinienda mbio hata siku ambayo hakuna kontena lililokwama.

Inasaidia, lakini achana na ile mikao ya kujikunja unayoiona mitandaoni. Dawa yenyewe ni pumzi. Mwenye wasiwasi hupumua juujuu, na mwili unaamini kuna hatari. Ukiirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, inaupunguza mwendo wa moyo. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde nne, toa kwa sita. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; hivi utashuka hadi 6. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Mimi hufanyia juu ya paa la ghorofa yetu Tudor, baada ya alfajiri, maana jua likishapanda saruji inachoma nyayo. Mkeka wa ukindu unatosha, ijapokuwa utakuachia michoro magotini, na msimu wa upepo wa kusi uweke tofali kila pembe. Napiga magoti, nakalia visigino, nainama mpaka paji la uso liguse mkeka, mikono mbele. Nabaki hapo mpaka mabega yateremke yenyewe. Kisha nalala chali, miguu nimeiegemeza ukutani. Basi. Madarasa ya upande wa Nyali yapo, ila bei zake ni za watalii.

Kuhusu dini, tusifichane: yoga imetoka India na ina upande wake wa ibada ya Kihindu. Baraza la fatwa la Malaysia lilipoikataza mwaka 2008, waziri mkuu wao alieleza kuwa mazoezi ya mwili bila zile mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, hayana tatizo. Mimi mantra sisemi. Wewe muulize ustadhi unayemwamini, usitegemee fatwa ya mtoa mizigo.

Zile pumzi za harakaharaka ziache kabisa, zinaweza kukuamshia zilezile mbio za moyo. Mwenye presha ya kupanda au presha ya macho asiweke kichwa chini miguu juu. Ukifumba macho mambo mabaya yakakujia, yafumbue, tazama kitu kimoja mbele yako.

Na vidonge ulivyoandikiwa usiviache eti kwa kuwa umeanza kulala vizuri. Hilo ni la kuongea na daktari wako. Ikiwa unafikia kuwaza kujidhuru, nenda hospitali leo leo, mkeka utakusubiri. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa wana kitengo cha afya ya akili.